Siku Mama Kirsti Alipoosha Gorfa

Nyinyi mnaoanza kazi ya nyumba sasa, wekeni hizo simu kando kidogo, hazitakimbia. Mimi nimepikia watu mpaka magoti yakakataa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipikia wazee wawili wa misheni hapa Kiwanjani, Isiolo. Shule niliishia chini sana, kwa hivyo msinitafutie maneno makubwa. Nitawaambia niliyoyaona. La kuwasaidia mtachukua mkitaka. La kuwachekesha mtachukua bila kuambiwa, nawajua.

Mzee aliitwa Olavi. Mkewe, Kirsti. Walitoka nchi ya baridi, mahali ambapo, wakieleza wenyewe, ziwa zima hugeuka jiwe na magari yakapita juu. Nilimwambia Mzee mimi ni mtu mzima, asinidanganye. Akaniletea picha. Mpaka leo hiyo picha siiamini vizuri.

Walipokuja Isiolo walikuwa tayari na mvi. Watu wengine wakifika umri huo wanatafuta kiti na blanketi, hawa wakatafuta kazi. Mzee alikuwa anatengeneza pampu za visima, anatembelea wafungwa, na Jumapili anahubiri. Mama Kirsti alikuwa anafundisha kina mama kushona pale verandani. Wote wawili walikuwa watu wema, na wote wawili walikuwa na vituko ambavyo nikivimaliza vyote hapa kutakucha.

Tuanze na salamu. Wewe ukiulizwa habari, unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Mzee Olavi akiulizwa habari, alijibu swali. "Goti langu la kushoto limevimba," anasema, "na jana sikulala vizuri, na ile pampu ya upande wa Gotu imenishinda." Mtu amesimama barabarani na mbuzi wake kwenye jua, alitaka kupita tu, sasa anasikiliza habari za goti. Watu wakaanza kumsalimia wakiwa mbali. Halafu nikaona kitu: wengine wakaanza kumsogelea makusudi, na akimaliza habari za goti, na wao wanamwambia zao, za kweli. Sijui alijua anafanya nini. Mimi nafikiri hakujua.

Jua likichoma, wakishamaliza kula, walikuwa wanafunga pazia na kulala. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni.

"Mzee yuko?"

"Yuko, amelala."

"Na mama?"

"Amelala."

"Wote wawili? Mchana? Ni wagonjwa?"

"Wazima. Hiyo ndiyo desturi yao."

Jioni wakitoka, wanatembea kando ya ua wa uwanja wa ndege, wameshikana mikono. Jirani yetu, Mama Abdi, mwanamke wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, aliniita kwenye ua siku za kwanza kabisa.

"Mama Kendi, huyo mzee haoni vizuri?"

"Anaona."

"Sasa mbona anaongozwa mkono?"

"Wanapendana."

"Astaghfirullahi. Na uzee huo!"

Lakini kila jioni alikuwa hapo kwenye ua kuwaangalia wakipita. Wakikosa siku moja, ananiuliza kama kuna shida.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Wiki ya kwanza katika nyumba ya watu, funga mdomo, fungua macho. Usitengeneze chai kama ya kwenu ukasema ndiyo chai. Angalia mtu anakunywa nini akiamka, anaacha nini kwenye sahani, anakasirika na mlio gani. Mzee hakupenda mwiko kugongwa kwenye sufuria. Mama Kirsti hakupenda kuulizwa "tupike nini" kabla hajamaliza kahawa. Ukijua mambo kama hayo mawili, nyumba inatulia.

Mkate nilifundishwa na Mzee Ekai, Mturkana aliyekuwa mpishi wa misheni kabla yangu. Hakuwa na oveni na hakuitaka. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, bati la mkate juu ya mchanga, kifuniko, makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hapo ndipo wengi mnaharibu. Na usifunue kuangalia! Mimi nilifunua. Mzee Ekai akaniuliza, "Umeona nini ndani? Mtu unayemjua?" Mkate ukabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Wazee wakala wote, wakasema ni mzuri. Ekai akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa watakusifu mpaka uharibike. Uwe mkali juu yako mwenyewe." Nimekuwa mkali tangu siku hiyo, na kwa wengine pia, kama mnavyojua.

Halafu ile nyumba ya jasho. Niwaambie? Nawaambia. Mwaka wa pili Mzee alijenga kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, akaweka jiko ndani na mawe juu ya jiko. Majirani wakafikiri ni ya kukausha nyama. Jioni moja akawasha moto, akaingia na mkewe, wakafunga mlango, wakakaa humo ndani wakitoa jasho. Hapa Isiolo! Mahali mtu anatoa jasho akifikiria tu! Mama Abdi aliponiuliza nikamweleza kwamba kwao ndivyo watu wanavyooga na kupumzika.

"Kwao hakuna joto," akasema.

"Hakuna."

"Sasa wamekuja huku, joto liko bure kila mahali. Na bado wanaliwasha kwa kuni."

"Ndiyo."

"Mungu ana watu wengi," akasema, akarudi kwa mitungi yake.

Lakini kituko kikubwa cha Mama Kirsti kilikuwa kuosha. Huyo mama aliosha kila kitu. Nyanya kwa sabuni. Mayai, moja moja, kwa sabuni. Ndizi aliosha kabla ya kuimenya. Nilimuuliza, "Mama, kwani unakula maganda?" Akacheka, akaendelea kuosha. Upepo wa hapa unaleta vumbi, anaosha meza. Upepo unarudi, anarudi naye. Ilikuwa kama wanashindana, na sikuwahi kuona mmoja akichoka. Mimi nilisema haidhuru, usafi haujaua mtu.

Sasa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mzee alishikwa na homa ya matumbo. Ikaisha, dawa zilifanya kazi, lakini tumbo likakataa chakula. Uji, anatapika. Supu, anatapika. Wali uliolainishwa mpaka ukawa gundi, anatapika. Alikuwa mtu mrefu mwenye mifupa mikubwa, na sasa mifupa ndiyo iliyobaki. Watu wa kanisa lao huko ng'ambo wakapiga simu. Wakasema wanamtuma mtu aje awaone. Kama Mzee bado hali wakati huyo mtu anafika, wataondoka naye, na hawatarudi tena.

Mzee aliniambia mwenyewe, amekaa kitandani na mito nyuma. "Mama Kendi, huko kwetu wenzangu wote wamezikwa. Nikirudi, nitamsalimia nani?"

Nikamwambia, "Basi kula."

"Naomba tumbo langu likusikie," akasema.

Mama Abdi alisikia. Kwenye ua wetu habari haikulala. Siku moja akaja mwenyewe mlangoni na maziwa ya ngamia. Na hakuleta kwenye mtungi wa plastiki kama anavyouzia watu. Alileta kwenye gorfa. Gorfa ni chombo cha maziwa cha Waborana. Kinasukwa kwa mkono, kwa nyuzi za mizizi, kinabanwa sana mpaka maziwa hayapiti. Ndani kinatiwa moshi, mwaka baada ya mwaka. Unachukua kijiti chenye moto cha mti unaojulikana, unakizungusha humo ndani, unafunika. Kinakuwa cheusi, kinang'aa kwa mafuta, na moshi huo ndio unatunza maziwa na kuyapa ladha. Hiyo gorfa ilisukwa na mama yake Mama Abdi alipokuwa anamwoza. Mimi mtu wa Meru, kwetu tuna vibuyu, lakini nilielewa ni kitu gani kimeingia nyumbani. Hukitoi kwa mtu ovyo.

Mzee akanywa kikombe kidogo. Tukakaa kumwangalia kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Hakutapika. Akanywa kingine. Mama Kirsti akaniangalia, macho yamejaa machozi, na akaanza kusafisha meza ambayo ilikuwa safi.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kwetu Meru kwenye matanga. Niliporudi, nilimkuta Mama Kirsti anaimba.

"Mama Kendi! Nimeirudisha ile gorfa ya Mama Abdi."

"Vizuri. Uliweka nini ndani?"

"Ndani? Hakuna. Niliiosha."

"Uliiosha na nini?"

"Maji ya moto, sabuni, na ile brashi ndefu. Mama Kendi, ungeona uchafu! Maji yalitoka meusi kabisa. Nikamwaga, nikarudia, mpaka yakatoka safi. Halafu nikaianika kwenye kamba ya nguo." Akanionyesha vibanio. "Sasa ndani ni nyeupe. Itamfurahisha sana!"

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila kukaribishwa.

Mnaona ilivyokuwa. Moshi wote wa miaka yote ya ndoa ya yule mama ulikuwa umemwagwa kwenye mtaro wetu. Mafuta yaliyokuwa yameziba kati ya nyuzi yametoka na brashi. Jua limekausha nyuzi. Na juu ya hayo, akarudishiwa chombo kitupu. Hapa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata sukari kidogo, hata mayai, hata majani ya chai, unaweka. Ukikirudisha kitupu umesema: yameisha kati yetu.

Nikaenda kwa Mama Abdi. Alikuwa amekaa mlangoni, gorfa iko mapajani. Nikamsalimia kwa salaam aleikum, ingawa mimi ni Mkristo, maana ni kwake. Akaitikia. Hakunikaribisha.

"Mama Abdi, yule mama hakujua."

"Nimetia maji," akasema. Akanyanyua gorfa. Upande wa chini ulikuwa umelowa, na kwenye vumbi kati ya miguu yake kulikuwa na doa. "Mama yangu hayuko. Aliyejua kusuka hivi hayuko. Sasa kinanuka sabuni ya nguo. Nikiweka pua, nasikia suruali."

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Kuanzia siku hiyo maziwa hayakuja. Mnauliza si ningeenda kununua kwingine? Nilienda sokoni, wanapokaa kina mama wa maziwa. Nikamwendea mmoja ninayemjua.

"Nipatie maziwa ya ngamia."

"Yameisha."

Alikuwa amekalia mtungi. "Na hiyo umekalia?"

"Hii ni kiti."

"Kiti kinachobubujika?"

"Mama Kendi," akasema, "hata wewe si mtoto."

Nikamwendea wa pili, wa tatu. Wote yameisha. Kina mama hao wanapigania wateja kutwa, wananyang'anyana mpaka vitambaa vinaanguka kichwani, lakini mmoja wao akikosewa, hapo wanakuwa mtu mmoja. Nilienda mpaka Chechelesi nikanunua kwa mtu nisiyemjua. Alikuwa ameyapiga maji. Mzee akatapika mpaka akakosa nguvu ya kushika bakuli. Nilishika mimi.

Mama Kirsti alipoelewa alichofanya, alifanya kile watu wa kwao hufanya. Alinunua kingine. Mtungi wa chuma, mpya, unang'aa mpaka unajiona uso. Akaujaza sukari, maana hilo la chombo kitupu nilikuwa nimemwambia, akafunga utepe, akanituma. Niliupeleka shingo upande. Jioni mtungi ukarudi, umeletwa na binti wa Mama Abdi. Utepe upo, umekunjwa vizuri ndani. Sukari hakuna.

"Mama amesema asante," yule binti akasema, anaangalia chini ili asicheke. "Amesema mwambieni amewaoshea."

Mimi nilicheka. Msiniangalie hivyo, nilicheka, nikaingia stoo nikacheka vizuri. Nilipotoka nilimkuta Mama Kirsti amekaa mezani na ule mtungi.

"Nilitaka kumheshimu," akasema. "Kwetu ukimrudishia mtu chombo kichafu umemtukana."

"Na kwake umemrudishia kaburi la mama yake limefagiliwa mpaka likapotea."

Nilikuwa mkali sana, najua. Lakini ilifika. Akauliza, "Ninunue nini?"

"Hakuna kitu utanunua. Nenda ukakae."

"Nikae wapi?"

"Sokoni. Pale walipo."

"Nifanye nini?"

"Ukae."

Hilo, wasichana wangu, lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia. Huyo mama hakuwahi kukaa bila kazi mkononi. Akauliza kama anaweza kubeba sindano na uzi. Nikasema hapana. Akauliza atakaa muda gani. Nikasema mpaka aambiwe.

Asubuhi akaenda. Kofia kubwa, soksi ndani ya viatu vya wazi. Kina mama wakamtazama. Mmoja akamsukumia mtungi mtupu. Akakaa. Mama Abdi akageuza kiti chake, akampa mgongo. Magari ya maziwa yakaja, yakashushwa, watu wakanunua, wakaondoka. Mama Kirsti amekaa. Jua likapanda. Akarudi nyumbani uso mwekundu kama pilipili, akaniuliza, "Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo. Na kesho."

Kesho, tena. Keshokutwa, tena. Nyumbani Mzee anazidi kuisha, na yule mtu wa ng'ambo ameshasema amekata tiketi. Nikapita sokoni kununua vitunguu, nikasikia wale kina mama wanaongea juu yake yeye akiwa hapo hapo.

"Huyu atayeyuka."

"Muache. Anapenda joto. Si ana nyumba ya kujichemsha?"

"Ati anajichemsha na mzee wake!"

"Ndiyo maana mzee amekonda!"

Wakacheka wote. Na Mama Kirsti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko walivyofikiri, akasema polepole, "Zamani alikuwa mnene. Nimempika sana."

Halafu wakaangua kicheko, wakapigana mapaja. Niliona mabega ya Mama Abdi yakitikisika, ingawa mgongo haukugeuka.

Siku hiyo wakampa kazi ya kutia moshi. Hata mitungi ya plastiki ya maziwa hutiwa moshi kidogo, maziwa yasiharibike njiani. Wakampa kijiti chenye moto. Anakohoa, machozi yanatoka, masizi mpaka kwenye nyusi. Yeye! Yule wa kuosha ndizi! Akaacha moto ndani kupita kiasi, plastiki ikaanza kunuka. Hapo Mama Abdi akageuka.

"We mama! Unatia moshi au unaoka mkate?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Akamnyang'anya kijiti, akamwonyesha: ingiza, zungusha, toa, funika. "Usihesabu. Nusa." Akamrudishia. Mama Kirsti akajaribu. "Tena." Akajaribu. "Tena."

Walipokuwa wanakusanya vitu, Mama Abdi akauliza bila kumwangalia, "Mzee anakula nini?"

"Hali."

Mchana yule binti akaja nyumbani na mtungi mdogo wa plastiki. "Mama amesema hii ni ya mgonjwa. Si ya mtu mwingine."

Mzee akanywa. Yakakaa. Jioni akanywa tena, yakakaa. Siku za mbele akaongeza mkate uliolowekwa, halafu yai. Mama Kirsti alikuwa bado anaenda sokoni kila asubuhi, na hakuna aliyemwambia aende. Siku moja Mama Abdi akaweka ile gorfa mapajani mwake.

"Wewe ndiye uliyemwaga moshi wa mama yangu," akamwambia. "Wewe ndiye utaurudisha. Mafuta ya ng'ombe, halafu moshi. Kila siku. Utaniletea niangalie."

Basi nyumba yangu safi ikageuka jiko la moshi. Kila asubuhi baada ya kahawa, Mama Kirsti chini kwenye ngazi, gorfa kati ya magoti, anapaka mafuta, anatia kijiti, ananusa. Mapazia yananuka moshi. Mkate unanuka moshi. Mzee akahubiri, siku ya kwanza aliyorudi kusimama kanisani ameshikilia kiti, na shati lake linanuka moshi mpaka viti vya nyuma. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, maana mimi ndiye niliyefua.

Yule mtu wa ng'ambo akafika. Alikuwa kijana, mpole, amepaka dawa nyeupe ya jua puani. Alimkuta Mzee amekaa kwenye kiti verandani anakunywa maziwa. Akafurahi. Lakini akakaa naye, akamwangalia mikono, akamwangalia anavyoinuka, na uso wake ukabadilika. Wakaongea lugha yao. Mimi nilikuwa naweka vikombe, na kuna mambo hayahitaji lugha. Mama Kirsti alikuwa anaangalia sakafu. Mzee alikuwa anatikisa kichwa, lakini polepole, kama mtu anayejua mwenzake hasemi uongo.

Mama Abdi akatokea mbele ya veranda. Asubuhi hiyo gorfa haikumfikia, kwa hivyo alikuja kuikagua mwenyewe. Tangu ile siku ya kwanza ya maziwa hakuwa amekanyaga kwetu. Akasimama, akaona nyuso.

"Mama Kendi, huyu kijana anasema nini?"

Nikamuuliza Mzee. Mzee akatafsiri, sauti chini. "Anasema nimepona kidogo, lakini mimi ni mzee. Anasema nikizidiwa tena, nani atanishughulikia? Anasema ni bora turudi sasa, ningali naweza kupanda ndege mwenyewe."

Mama Abdi akafikiri. Halafu akapanda, akachukua gorfa kutoka kwenye ngazi, akamimina humo maziwa kidogo kutoka kwenye mtungi wake, akainyanyua mbele ya yule kijana. Tukangoja. Tone likatoka chini, likaanguka kwenye sakafu yangu niliyopiga deki. Lingine.

"Mwambie," akamwambia Mzee, "mimi nina kesi na mke wako. Mwambie haijaisha. Aliharibu kitu cha mama yangu na anakitengeneza, na bado kinavuja, anaona mwenyewe. Kwetu mtu mwenye kesi haondoki mji. Akishamaliza, aende popote, kwa ndege, kwa miguu, mimi sitamshika."

Mzee akatafsiri. Alichukua muda mrefu, na katikati alisimama kufuta macho. Kijana akamwangalia Mama Abdi, akaangalia gorfa, akaangalia lile doa. Akauliza kitu.

"Anauliza itachukua muda gani," Mzee akasema.

"Mwambie mimi sijui," Mama Abdi akasema. "Mke wako ana mkono mzito."

Kijana alikaa siku chache, akala mkate wangu wa moshi, akaongea na daktari, akapiga simu nyingi. Akaondoka peke yake.

Niliendelea na kazi pale mpaka magoti yalipokataa. Na niwaambie kitu ambacho sikumwambia Mama Kirsti. Siku moja, miezi mingi baadaye, walipokuwa wamelala mchana na pazia limefungwa, nilichukua ile gorfa, nikaijaza maji mpaka juu, nikaitundika jikoni juu ya sinia lenye unga mkavu, nikaendelea kupika. Jioni nikaangalia unga. Hakuna hata alama.

Nikaenda kwenye ua. "Mama Abdi. Ile gorfa imeziba."

"Macho yako yamezeeka, Mama Kendi."

"Nimeijaribu kwa unga."

"Na pua yako pia," akasema, akaendelea kufunga mitungi yake.

Asubuhi Mama Kirsti akampelekea kama kawaida. Niliwaona nikiwa kwenye ua. Mama Abdi akaishika, akainua kwenye mwanga, akatia pua ndani, akavuta pumzi muda mrefu sana, macho yamefungwa.

"Bado," akasema. "Inavuja. Kesho uilete."

Akaijaza maziwa mpaka mdomoni, akamrudishia.